Mtandao wa Jamii: Jinsi ya Kupanga Njia za Kudumu Kati ya Vituo

Shule, zahanati na vikundi vya ufuoni vinaweza kugawana intaneti moja kupitia vituo vidogo visivyotumia waya, vilivyoshikana kama matundu ya wavu. Mtandao wa aina hii huitwa meshi. Kule Kibera, Nairobi, TunapandaNET imeunganisha shule na vituo vya vijana kwa njia hiyo.

Kwa kawaida ruta za meshi hujichagulia njia. Karibu na ziwa hili huweza kuleta taabu: maji hurudisha mawimbi ya redio kama kioo, nguvu ya mawimbi hupanda na kushuka, na ruta hubadilisha njia mara kwa mara. Mhudumu wa zahanati anayetuma rekodi za wagonjwa hukatizwa katikati ya kazi. Dawa mojawapo ni njia ya kudumu, ambayo fundi huiandika mwenyewe ndani ya ruta.

Mfano

Tuseme intaneti inaingilia Riat, mlimani. Dunga inaipata kupitia Usoma, na Nyalenda ni njia ya akiba. Anwani za redio ni: Riat 10.10.0.1, Usoma 10.10.0.2, Dunga 10.10.0.3 na Nyalenda 10.10.0.4. Kompyuta za Dunga ziko katika kundi la 10.10.3.0/24.

Hatua

1. Chora ramani ya vituo na uandike anwani zote. Anwani moja isitumike mara mbili.

2. Njia ya kwenda: katika ruta ya Dunga, elekeza safari zote za nje kwa 10.10.0.2. Katika ruta ya Usoma, zielekeze kwa 10.10.0.1.

3. Njia ya kurudi: katika ruta ya Riat, andika kwamba 10.10.3.0/24 inafikiwa kupitia 10.10.0.2. Katika ruta ya Usoma, inafikiwa kupitia 10.10.0.3. Hatua hii husahaulika sana. Ujumbe hufika lakini jibu halirudi, na watu hulaumu antena bure.

4. Akiba: rudia hatua ya 2 na ya 3 kupitia Nyalenda, ukizipa njia hizo namba kubwa zaidi ya kipaumbele, kwa mfano 20 badala ya 10. Namba ndogo hutangulia.

5. Jaribu kutoka kwenye kompyuta iliyoko Dunga, si kwenye ruta yenyewe, kwa amri ya ping. Kisha hifadhi mpangilio, zima ruta na uiwashe tena uone kama umebaki.

Tahadhari

Njia ya kudumu haijui kwamba jirani amezimika. Stima ikipotea Usoma, redio ya Dunga bado iko hai, kwa hivyo ruta itaendelea kutuma ujumbe kule kule. Weka programu ya kumpima jirani kila dakika na kuhamisha njia katika ncha zote mbili, Dunga na Riat, au mteue mtu wa kufanya hivyo. Kituo muhimu kama zahanati kisitegemee njia moja pekee.

Eneo letu lina radi nyingi, kwa hivyo kila mlingoti uwe na waya wa ardhi.

Kabla ya kuanza kuhudumia wengine, kikundi kipate leseni. Tangu mwaka 2021, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ina utaratibu maalum wa leseni kwa mitandao ya jamii.