Maji, Sufu na Umbo la Sweta

Katika miinuko ya Njombe, Makete na Mbeya, ambako miezi ya Juni na Julai huleta baridi kali, sweta iliyofumwa kwa mkono si pambo. Mfumaji huweza kutumia majuma kadhaa kuikamilisha, kisha akaiharibu kwa siku moja: ama kwa kuianika kambani ingali ikichuruzika maji, ama kwa kuipiga pasi ya moto. Watu husema uzi ulikuwa mbaya. Mara nyingi uzi hauna kosa. Lililokosekana ni kuujua uzi huo umeundwa kwa kitu gani.

Sufu, kama zilivyo nywele na kucha zetu, ni protini iitwayo keratini. Molekuli zake ni ndefu mno, nazo zimeshikamana kwa vifungo ambavyo viwili vyatuhusu hapa. Vifungo vya salfa ni imara, wala maji hayavifungui. Vifungo vya haidrojeni, kimoja kimoja, ni dhaifu, lakini wingi wao huushikilia uzi katika umbo lake. Maji yapenyapo ndani ya sufu, molekuli zake hujiingiza katikati ya vifungo hivi vya haidrojeni na kuviachanisha. Uzi hulegea, ukakubali kuvutwa. Maji yakishatoka, vifungo vipya hufungana pale molekuli zilipo wakati huo, na umbo jipya hudumu mpaka maji yarudi.

Wasichana wanaonyoosha nywele kwa chanuo la chuma lililopashwa moto waijua kanuni hii bila ya kuisoma. Mvua ikinyesha, nywele hujikunja tena, kwa sababu vifungo vya salfa havikuguswa, navyo huzirudisha. Dawa kali za saluni huvishambulia vifungo vya salfa vyenyewe. Ndiyo maana kazi yake haiondolewi na maji.

Katika miaka ya 1930 mwanafizikia William Astbury wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, alitumia eksirei kuonyesha kwamba mpangilio wa molekuli za sufu hubadilika sufu inapovutwa. Mwaka 1951 Linus Pauling na wenzake walieleza kuwa molekuli za namna hiyo zimejisokota mfano wa springi.

Sasa twende kwenye beseni. Vipande vya sweta vilowekwe kabla ya kuunganishwa, katika maji ya uvuguvugu, kwa muda wa nusu saa, kwani sufu haikubali maji upesi. Visisuguliwe: joto, sabuni na msuguano hufanya magamba madogo ya sufu yashikane, na sweta ya baba ikamfaa mtoto. Visikamuliwe kwa kusokotwa, bali vikunjwe ndani ya taulo na kukandamizwa. Kisha vilazwe kivulini juu ya kitambaa safi, vivutwe taratibu hadi vipimo vinavyotakiwa, na kubanwa kwa pini zisizo na kutu. Sehemu za kiunoni na mikononi, zilizofumwa makusudi ili zivutike, zisinyooshwe. Ncha za uzi zifichwe upande wa ndani, lakini zisikatwe mpaka kipande kikauke, maana uzi husogea.

Akriliki ni habari nyingine kabisa. Hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli, na hunywa maji kidogo sana, ilhali sufu huweza kufyonza mvuke wa maji hadi karibu theluthi ya uzito wake. Kuiloweka akriliki hakubadilishi umbo lake sana. Kinachoilegeza ni joto, na joto likizidi, kitambaa hulegea moja kwa moja kisirudi tena. Pasi isiiguse.

Mwalimu wa kemia aweza kulionyesha jambo hili darasani. Achome kwa kibano kipande kifupi cha kila uzi: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayovunjika vidoleni; akriliki huyeyuka na kuacha tonge gumu jeusi. Kisha wanafunzi wafume vipande viwili vya sentimita 10 kwa 10, kimoja cha sufu na kimoja cha akriliki, waviloweke, wavivute hadi sentimita 12 na kuvibana vikauke. Wavipime mara pini zinapoondolewa. Waviloweke tena, wavilaze bila pini, na kuvipima siku ya pili. Kabla ya kipimo hicho cha mwisho, kila mwanafunzi aandike daftarini ni kipande kipi anachotazamia kirudi nyuma zaidi, na ni vifungo gani vitakavyokirudisha.