Chumba Kwanza, Kiyoyozi Baadaye: Mafunzo Niliyopata

Nimenunua viyoyozi vya nyumba yangu Dar es Salaam, nikamfungia mama yangu Tanga, na ndugu wengi wakipanga kununua hunipigia simu. Wengi huanza kwa kuuliza kampuni ipi ni nzuri. Mimi huwauliza chumba kikoje, kinatazama wapi, na umeme wa mtaani kwao una tabia gani. Majibu ya maswali hayo huokoa fedha nyingi kuliko jina lililoandikwa kwenye boksi. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Ingia dukani ukiwa na vipimo

Uwezo wa kiyoyozi hutajwa kwa BTU, yaani kiasi cha joto kinachoweza kutolewa chumbani kwa saa moja. Vya majumbani huwa 9,000, 12,000, 18,000 na 24,000. Kwa joto la pwani, hesabu ya kuanzia ni BTU 600 hivi kwa kila mita ya mraba. Chumba cha futi 12 kwa 12 kina mita za mraba 13 na ushee, kwa hiyo 9,000 zinakitosha. Chumba cha mita nne kwa tano kinataka 12,000. Sebule ya mita za mraba 30 inataka 18,000.

Baada ya hapo angalia mambo yanayoongeza joto: ukuta unaopigwa na jua la alasiri, ghorofa ya juu kabisa, dari iliyo juu sana, jokofu lililokaa sebuleni, idadi ya watu. Sebule iliyoachwa wazi hadi jikoni na kwenye korido ihesabiwe pamoja na jiko na korido, kwa sababu ubaridi hautaishia pale makochi yanapoishia.

2. Kikubwa kupita kiasi hakifai

Mama alitaka kile kikubwa zaidi dukani. "Mwanangu, kama ni kununua, tununue chenye nguvu tusije tukajuta." Fundi mmoja mtu mzima aliyekuwa pale akamwambia kwa upole, "Mama, baridi na ukavu ni vitu viwili."

Ni kweli kabisa. Joto la pwani linachosha kwa sababu hewa imejaa unyevu na jasho halikauki. Hata mtambo ambao Mmarekani Willis Carrier aliubuni mwaka 1902 ulikuwa wa kudhibiti unyevu katika kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, ambako hewa ilikuwa ikiharibu karatasi. Kiyoyozi hukausha hewa kadiri kinavyoendelea kufanya kazi, maji yakichuruzika nje kwenye bomba. Kikiwa kikubwa mno kwa chumba, hupooza haraka, kompresa inazima, na unyevu unabaki. Unalala kwenye baridi yenye majimaji, shuka zimenata. Mama alikubali cha 12,000 kwa chumba chake, na analala vizuri.

3. Nyumba yenyewe hufanya nusu ya kazi

Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini ya ikweta. Jua letu la mchana hupita juu ya kichwa, kwa hiyo linalopigwa zaidi ni paa. Asubuhi na jioni hufuata kuta za mashariki na magharibi. Bati lisilo na dari humwaga joto chumbani mchana kutwa, na mashine italazimika kushindana nalo. Dari nzuri, nafasi ya hewa kupita kati ya dari na bati, pazia zito upande wa magharibi na mti au kibaraza cha kukinga ukuta huo vinaweza kukuwezesha kununua kiyoyozi kidogo zaidi.

Tazama na madirisha. Yale ya vioo vya kupanga hayafungi yakakaza. Hewa moto huingia usiku kucha. Ziba mianya yake, na ule wa chini ya mlango, kabla ya kuongeza BTU.

4. Soma kibandiko cha umeme

Kiyoyozi cha BTU 12,000 hutoa joto la kilowati 3.5 hivi, huku kikila umeme wa kilowati moja au zaidi kidogo. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili: jibu likiwa kubwa, mashine ina matumizi mazuri. Namba zote mbili zimeandikwa ubavuni.

Aina ya kawaida huwaka kwa nguvu zote, kisha huzima, kisha huwaka tena. Ya inveta hupunguza mwendo wa kompresa chumba kikishapoa. Ni ghali zaidi kununua, lakini kwa anayewasha kila usiku tofauti hurudi kupitia LUKU. Kwa chumba cha wageni kinachotumika mara chache, ya kawaida inatosha.

Na uyajue mapema haya kuhusu LUKU. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja wa nyumbani asiyezidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo. Kundi la kawaida hulipa 292. Kiyoyozi kikila uniti nne tu kila usiku, kwa mwezi ni 120. Maana yake, familia iliyokuwa kwenye bei nafuu itaondoka humo, na hata taa na jokofu vitaanza kulipiwa bei ya juu. Hesabu hiyo ifanyike mezani, wote mkiwapo, kabla ya kulipa.

5. Linda mashine dhidi ya umeme

Mitaa mingi umeme hupungua jioni, taa zinafifia. Kompresa ikijaribu kuwaka hapo huvuta mkondo mkubwa na kupata moto. Umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika, saketi za inveta huweza kuungua, na bei yake ni kubwa. Funga stabilaiza au kifaa cha ulinzi kinachongoja dakika chache kabla ya kuruhusu umeme upite. Kiyoyozi kiwe na waya wake na swichi yake kutoka kwenye ubao mkuu. Kisichangie na pasi wala birika.

6. Uliza gesi

Viyoyozi vingi vya mtumba bado vina R22, gesi inayoharibu tabaka la ozoni. Chini ya Itifaki ya Montreal inaondolewa sokoni, na kwa nchi zinazoendelea karibu yote itakuwa imesitishwa ifikapo 2030. Unayenunua mashine ya R22 leo unanunua shida ya kesho ya kuijaza. R410A haiharibu ozoni, lakini huipasha dunia joto zaidi ya mara 2,000 ya hewa ya ukaa. R32 ni kama theluthi ya hapo. Mwaka 2016, mataifa yalikubaliana mjini Kigali, Rwanda, kupunguza gesi za namna hii. Kati ya mashine mbili zinazolingana, mimi huchagua ya R32, ila nahakikisha fundi anaijua, kwa sababu inaweza kushika moto.

7. Fundi ana uzito sawa na mashine

Mashine nzuri iliyofungwa vibaya haidumu. Fundi anayejua kazi hutumia pampu kutoa hewa na unyevu wote kwenye mabomba ya shaba kabla ya kufungua gesi. Huinamisha bomba la maji ili yasirudi ukutani. Kipande cha nje hukiweka kivulini penye hewa ya kutosha, mbali na dirisha la jirani. Na akirudi mwakani kukwambia gesi imeisha, mwambie atafute panapovuja: gesi huzunguka humo humo, haiishi kwa kutumika.

Kwa wanaokaa karibu na bahari, Msasani au Kigamboni, chumvi hula aluminiamu ya kipande cha nje. Chagua kilichopakwa kinga, na kioshwe kwa maji safi mara kwa mara.

8. Panga matumizi kabla ya kununua

Weka rimoti kwenye 25 au 26, washa na feni ya dari kwa mwendo mdogo. Upepo huo hukufanya uone ubaridi zaidi kwa umeme kidogo sana. Osha chujio kila baada ya wiki mbili msimu wa joto.

Unapopanga bajeti, tenga kwanza fedha ya fundi, stabilaiza, usafi na umeme wa mwezi. Kinachobaki ndicho cha mashine. Kikiwa hakitoshi, tengeneza dari, ziba mianya na ununue feni nzuri mwaka huu. Kiyoyozi utakachofunga mwakani kitakuwa kidogo, kitakula umeme kidogo, na watoto watakuwa wameshaanza kulala vizuri kabla hakijafika.