Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Ushirika wa Wanafunzi wa Mbali katika Kisiwa cha Mombasa

Utangulizi

Mwanafunzi anayesafiri kufuata elimu huingia ugenini akiwa na mahitaji mawili. La kwanza ni elimu yenyewe, na hilo ndilo linaloandikwa katika barua ya kumwita chuoni. La pili haliandikwi popote: atakula na nani, akiugua atauguzwa na nani, na akiletewa habari ya msiba wa kwao atafarijiwa na nani. Vyuo hushughulikia hitaji la kwanza. La pili, mara nyingi, huachiwa wanafunzi wenyewe na jamii inayowazunguka.

Makala haya yanachunguza namna hitaji hilo la pili lilivyotazamwa na kutimizwa katika Kisiwa cha Mombasa, hususan katika Mji wa Kale. Uchunguzi umeegemea mambo mawili: methali na msamiati wa Kiswahili unaohusu kusaidiana, na historia ya wanafunzi na wanavyuoni waliosafiri kuingia na kutoka Mombasa. Hoja inayotetewa ni kwamba ushirika wa wanafunzi wa mbali hudumu pale mgeni anapohesabiwa kuwa naye ni mwenye kutoa. Ukigeuka kuwa fadhila ya upande mmoja, hauchukui muda kufa.

Mji uliojengwa na wageni

Ni vyema kuanza na wenyeji wenyewe. Waswahili wa Mombasa hujitambulisha kwa jina la Thenashara Taifa, yaani taifa kumi na mbili, zilizogawanyika katika makundi mawili. Thelatha Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Washaka, Wapaza, Wabajuni na Wakatwa. Msomaji akiyatazama majina hayo ataona kwamba mengi yanataja mahali nje ya kisiwa. Pate na Paza zimo katika visiwa vya kaskazini. Kilifi na Mtwapa ni miji ya pwani ya bara. Wenyeji wa Mombasa, kwa hiyo, wamehifadhi katika majina yao kumbukumbu ya kuwa nao walikuja. Ukijumlisha Wahadhrami, Wangazija, Wabaluchi na Mabohora waliofanya makazi humo, utaona kwamba katika mitaa kama Kibokoni, Kavani na Mjua Kale si rahisi kuchora mpaka kati ya mgeni na mwenyeji.

Hali hiyo imeacha alama hata katika nyumba. Baraza ya nje humpokea mpita njia bila kumdai sababu, na daka humsitiri mgeni kabla hajajulikana vyema. Ni mpangilio unaokubali kwamba mgeni atakuja, na kwamba ukaribu wake utakua hatua kwa hatua.

Methali tatu, hali tatu

Methali za Kiswahili kuhusu mgeni zinaonekana kupingana. Baadhi zinamtukuza na nyingine zinamtia kazini. Lakini zikisomwa kwa kumfikiria mwanafunzi aliyetoka mbali, hupangika kama ngazi.

Methali ya kwanza ni “Mgeni ni kuku mweupe.” Kuku mweupe huonekana kwa urahisi kati ya wenzake. Hii ndiyo hali ya mwanafunzi katika wiki zake za mwanzo: lafudhi yake, mavazi yake na namna anavyouliza njia humtambulisha. Methali haisemi kwamba kuku huyo ni mbaya. Inasema tu kwamba anaonekana, na anayeonekana ni rahisi kusaidiwa kama ilivyo rahisi kudhulumiwa.

Methali ya pili ni “Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.” Mara nyingi hufundishwa shuleni kama onyo kwa mgeni mvivu. Maana hiyo ipo, lakini kuna nyingine iliyo chini yake. Kumpa mtu jembe ni kumwingiza katika shamba la nyumba. Asiyepewa jembe hubaki mgeni daima. Hulishwa, lakini hahesabiwi. Kwa hiyo siku ya tatu mtu anapandishwa daraja.

Methali ya tatu ndiyo iliyoyapa makala haya anwani: “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Hapa mgonjwa ni mwenyeji, naye mgeni ndiye anayeleta dawa. Huenda akaleta habari, ujuzi, au jicho jipya la kuona yale ambayo mwenyeji ameyazoea mno. Methali hizi zikiunganishwa huonyesha safari nzima ya mwanafunzi: huanza kwa kuonekana, akapewa kazi, na mwisho akawa sababu ya kupona kwa waliompokea.

Kikoa na fadhila

Msamiati nao unathibitisha mwelekeo huo. Kiswahili kinatofautisha kutoa kwa upande mmoja na kutoa kwa zamu. Upande wa kwanza kuna hisani, fadhila, sadaka na ufadhili. Upande wa pili kuna bia, ambako watu huchanga ili kula au kutenda jambo pamoja. Kikoa, ambacho ni ulaji wa pamoja, kila mmoja akiandaa zamu yake ikifika. Upatu, ambamo fedha zilizochangwa hupokewa na mmoja mmoja kwa zamu. Na ujima, ambao ni kufanyiana kazi.

Inafaa kutazama namna lugha inavyoyahukumu makundi hayo mawili. Kuhusu fadhila, Kiswahili kina tahadhari. Husemwa kwamba fadhila ya punda ni mateke. Anayefadhili huweza kusimanga, na anayefadhiliwa huweza kuchukia. Kuhusu kushirikiana, lugha haina shaka: jifya moja haliinjiki chungu. Mafiga ni matatu, yanalingana kimo, na hakuna linaloweza kujigamba kwamba ndilo lililobeba chungu.

Tofauti hii ina uzito kwa mwanafunzi. Aliyelishwa kwa hisani muhula mzima atajitahidi kuficha shida yake muhula unaofuata, kwa sababu haya humzuia kurudi. Aliye katika kikoa hana haya hiyo. Hata zamu yake ikichelewa, bado ni mwanachama mwenye deni, na mwenye deni ana heshima kuliko mwombaji.

Mnyororo wa wanavyuoni

Historia ya elimu ya pwani inatoa mfano wa kikoa kilichozunguka vizazi. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891, akafiwa na baba yake angali mtoto mdogo. Alilelewa kielimu na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, kisha akasafiri Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit. Mwalimu huyo naye alikuwa mzaliwa wa Ngazija. Sheikh Abdallah Bakathir, mwanachuoni mwingine mkubwa wa Unguja wa zama hizo, alitokea Lamu. Kwa maneno mengine, kijana wa Mombasa alikwenda ugenini, akafundishwa na watu ambao nao walikuwa wageni hapo.

Aliporudi Mombasa, Sheikh al-Amin hakulipa deni lake Unguja. Alililipa kwa wanafunzi wake na kwa wasomaji. Alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, alikuja kushika wadhifa huo huo. Naye aliyemrithi Sheikh Muhammad Kasim mwaka 1968 alikuwa Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja. Unguja iliyompokea kijana wa Mombasa mwanzoni mwa karne ya 20 ilimtoa mwanachuoni wa kuihudumia Kenya katika nusu ya pili ya karne hiyo. Zamu ilikuwa imezunguka.

Sheikh Farsy mwenyewe aliuandika mnyororo huu katika kitabu chake kuhusu wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, kilichochapishwa Mombasa mwaka 1972. Katika kitabu hicho mwanachuoni hutambulishwa kwa walimu aliosoma kwao na kwa wanafunzi aliowafundisha. Hesabu ya maisha ya msomi ni kile alichopokea na kile alichopokeza.

Kutoka darsa hadi taasisi

Karne ya 20 ilileta sura mpya ya mwanafunzi wa mbali. Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, iliyojulikana zaidi kwa kifupi MIOME, iliasisiwa rasmi mwaka 1948, na wanafunzi wake wa kwanza waliingia mwaka 1951. Michango ya kuianzisha ilitoka kwa Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jumuiya ya Mabohora na serikali ya kikoloni. Lengo lake lilikuwa kutoa elimu ya ufundi kwa vijana Waislamu wa Afrika Mashariki. Taasisi hiyo ya Tudor ilipitia mageuzi kadhaa: ikawa chuo cha ufundi cha taifa, ikapandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki mwaka 2007, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Mageuzi hayo yalibadili mahali pa kusaidiana. Katika darsa ya msikitini, mwalimu, mwenyeji na mwanafunzi walikutana kila siku. Katika taasisi, mwanafunzi ana namba ya usajili, na mwenyeji wake huenda akawa mwenye nyumba anayemwona mwisho wa mwezi tu. Ndiyo maana vyama vya wanafunzi, vikiwemo vya Kiswahili, vimebeba kazi ambazo zamani zilifanywa na baraza na msikiti.

Mfano kutoka Addis Ababa

Jambo hili si la Mombasa peke yake. Mwaka 1958, katika mkutano wa nchi huru za Afrika uliofanyika Accra, Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia alitangaza ufadhili wa masomo kwa vijana wa Kiafrika. Vijana kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na kwingineko walikwenda Addis Ababa. Miongoni mwa Wakenya waliosoma huko miaka hiyo ni Robert Ouko, aliyekuja kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya.

Kwa sura ya nje huo ulikuwa ufadhili: mfalme anatoa, vijana wanapokea. Lakini wanahistoria wa harakati za wanafunzi wa Ethiopia wameonyesha kwamba wageni hao waliwaachia wenyeji wao kitu kikubwa. Walitoka katika nchi zilizokuwa zikipigania uhuru, wakaja na mazoea ya kujadili siasa waziwazi. Wanafunzi wa Ethiopia, waliokuwa wameishi na fahari ya nchi isiyotawaliwa na wakoloni ila kwa miaka michache ya uvamizi wa Italia, walianza kuiuliza nchi yao maswali mapya. Mgeni alikuja, na mwenyeji akaanza kujitambua ugonjwa.

Mwenyeji wa Kiswahili

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, mfano ulio karibu zaidi ni wa marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017. Alikuwa mtu wa Lamu aliyefanya makazi Mombasa, na kwa miaka mingi wanafunzi na watafiti kutoka bara na ng’ambo walimwendea kujifunza ushairi, msamiati wa kale na mila. Huyu naye alikuwa mgeni aliyegeuka mwenyeji. Waliojifunza kwake hawakuondoka bila kuacha kitu. Utenzi wake wa Sambo ya Kiwandeo, unaohifadhi maarifa ya uundaji wa jahazi, ulichapishwa Leiden mwaka 1979 chini ya uhariri wa Gudrun Miehe na Thilo Schadeberg. Elimu ya mafundi wa Lamu ilipata maandishi ya kudumu kwa sababu mwenyeji alifungua mlango na wageni wakashika jembe.

Upungufu katika riwaya

Fasihi andishi inaonyesha upande wa pili, yaani mwanafunzi asiye na kikoa. Katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, Rosa anatoka katika nyumba yenye ulinzi mkali na kuingia katika maisha ya chuo asiyoandaliwa kuyakabili. Katika Kichwamaji (1974), Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu anayezidi kutengana na jamaa zake hadi anajiua. Wahusika hawa hawakukosa akili wala nafasi ya kusoma. Walichokosa ni watu wa kuwahesabu: watu ambao wangewauliza zamu yao imefikia wapi, na kushtuka wasipoonekana.

Hitimisho na mapendekezo

Leo mwanafunzi wa Turkana, Pemba au Bujumbura anayesoma Mombasa anaweza kuchangiwa karo kwa simu katika muda wa saa chache. Hilo ni jema. Hata hivyo, kasi ya mchango isichukuliwe kuwa ndiyo ushirika. Jina la mwenye shida likitangazwa mbele ya watu mia mbili, fedha zikatumwa, na kisha mhusika akasahauliwa, tendo hilo limebaki katika daraja la fadhila.

Makala haya yanapendekeza mambo matatu kwa vyama vya wanafunzi. Kwanza, kila mgeni apewe jembe mapema: kazi ndogo katika chama kabla muhula wa kwanza haujaisha. Pili, mfuko wa dharura uendeshwe kwa kanuni ya zamu na deni, si kwa maombi ya hadharani, ili mwenye shida abaki na heshima yake. Tatu, vyama vihesabu kile ambacho wageni wameleta, iwe lahaja, hadithi, methali au ujuzi, na kukiandika.

Pendekezo la tatu linakihusu Kiswahili moja kwa moja. Lugha hii imekua kwa kupokea wageni na kuwapa nafasi ya kusema. Chama cha Kiswahili kinachomlisha mgeni bila kumsikiliza kitakuwa kimetimiza nusu ya methali tu, nayo ni ile nusu isiyomponya mwenyeji.