Diski ya SSD Inapokufa: Unachoweza Kuidai Kampuni na Unachopaswa Kujilindia Mwenyewe

Novemba 2018 kampuni ya Apple ilitangaza kwamba baadhi ya diski za SSD za GB 128 na GB 256, zilizofungwa ndani ya MacBook Pro za inchi 13 zisizo na Touch Bar na kuuzwa kati ya Juni 2017 na Juni 2018, zilikuwa na kasoro inayoweza kuua diski na kupoteza yaliyomo. Tangazo lenyewe lilikuwa la haki. Mwenye kompyuta aliambiwa aingize namba tambulishi ya mashine yake kwenye ukurasa wa kampuni. Akikuta imo, aipeleke kwa wakala aliyeidhinishwa, ahudumiwe bila kulipa senti, na haki hiyo ingedumu miaka mitatu tangu mashine ilipouzwa dukani mara ya kwanza. Lakini ndani ya tangazo hilohilo mlikuwa na onyo ambalo msomaji mwenye haraka hulipita: diski itafutwa yote wakati wa huduma, na kompyuta itarudi ikiwa na mfumo endeshi peke yake. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya onyo hilo. Tunasema kwamba mpango wa kubadilishiwa diski ni haki ya mnunuzi na aidai bila haya, ila kinachodaiwa humo ni kifaa tu. Mafaili hayamo kwenye ahadi ya kampuni, hayajawahi kuwamo, na anayengoja mpango huo umrudishie kazi zake anangoja kitu ambacho hakuna aliyekiahidi.

Wengi watapinga hapo hapo kwamba SSD haifi kirahisi, kwa kuwa haina sahani inayozunguka wala sindano ya kusoma kama diski za zamani, ziitwazo hadi diski (hard disk). Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto na wa Google walichapisha matokeo ya miaka sita ya kufuatilia diski za aina hii katika vituo vya data vya Google, na wakakuta kwamba hubadilishwa mara chache kuliko hadi diski. Utafiti huohuo, hata hivyo, ulionyesha upande wa pili: zaidi ya asilimia 20 ya diski hizo zilipata angalau hitilafu moja isiyorekebishika ndani ya miaka minne, yaani kipande cha data kilichoandikwa vizuri kikashindikana kusomeka. Watafiti waliona pia kwamba umri wa diski una uzito wake, hata ukiacha pembeni wingi wa kazi iliyofanya. Kwa hiyo kusema “mimi situmii sana kompyuta yangu” si kinga. Diski inadumu zaidi, ndiyo, ila data iliyomo haijapata ulinzi wa kadiri hiyohiyo.

Namna SSD inavyokufa ndiyo inayowakuta watu hawajajiandaa. Hadi diski mara nyingi hugongagonga na kukwaruza kabla ya kufa, na mwenyewe anapata siku kadhaa za kuokoa alichonacho. SSD hufa kimya. Ndani yake mna chipu zinazohifadhi data na chipu moja inayozisimamia, iitwayo kidhibiti. Kidhibiti huhamisha data huku na huku ili chipu zichakae kwa usawa, na hutunza jedwali la kipi kiko wapi, kama daftari la mtunza ghala. Jedwali hilo likiharibika, data yote inaweza kuwa bado imo ndani na isipatikane hata barua moja. Mwaka 2011 diski za Intel za aina ya 320 zilionyesha jambo hili waziwazi. Umeme ukikatika ghafla, baadhi ziliwaka tena zikijitambulisha kwa kompyuta kuwa na ujazo wa MB 8 tu, ilhali zilinunuliwa zikiwa na makumi au mamia ya GB. Megabaiti nane ni nafasi ya wimbo mmoja au miwili. Intel ilitoa marekebisho ya programu ya ndani ya diski, yaani famwea, Agosti mwaka huo. Kwa anayeishi mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, na kompyuta yake ina betri iliyokufa kiasi cha kuzima mara tu chaja inapochomoka, kisa hiki kina uzito wa pekee: betri nzima ni ulinzi wa diski pia, na kuibadilisha hugharimu kidogo kuliko kuokoa data.

Kasoro za famwea zina tabia nyingine mbaya, nayo ni kwamba zinaweza kufuata saa. Diski za Crucial za aina ya m4, zilizopendwa sana na watu waliokuwa wakiziongezea kasi kompyuta zao za mkononi, zilianza kuacha kuitikia baada ya saa 5,184 za kuwashwa, sawa na siku 216, hadi kampuni ilipotoa famwea mpya Januari 2012. Mwaka 2019 Hewlett Packard Enterprise iliwaonya wateja wake kwamba baadhi ya SSD za seva zingekufa zikifika saa 32,768 za kazi, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, na kwamba diski na data zisingeokoleka tena. Diski hizo ni za seva, hazimo kwenye kompyuta mpakato, lakini funzo lake linaingia kila nyumba na kila ofisi: diski mbili za aina moja, zilizowashwa siku moja, zinaweza kufa karibu kwa wakati mmoja. Nakala iliyokaa kwenye diski pacha ya ile inayonakiliwa haijatoka hatarini. Nakala ikae kwenye kifaa cha aina nyingine, au mtandaoni, na nakala mojawapo ikae nje ya jengo, kwa sababu mwizi na moto havichagui.

Sasa tuwajibu wanaosema kuna mafundi. Wapo, na wapo hodari. Lakini mazingira ya SSD yamewafungia milango mingi. Mfumo endeshi ukishafuta faili, kwa kawaida huiarifu diski, na diski nayo huvisafisha vipande hivyo kwa wakati wake; programu za kufufua mafaili zilizokuwa zikisaidia kwenye hadi diski mara nyingi hazikuti kitu. Kompyuta nyingi nyembamba za leo zina chipu zilizolehemewa kwenye ubao mkuu, hivyo hakuna diski ya kuchomoa na kuijaribu kwenye mashine nyingine. Na katika Mac zenye chipu ya T2 au vichakataji vya Apple vilivyofuata, data husimbwa kwa ufunguo uliofungiwa ndani ya chipu hiyo. Fundi akizing’oa chipu za hifadhi na kuzisoma moja moja, anapata herufi zisizo na maana. Hatumlaumu fundi anayeshindwa hapo. Tunamtilia shaka anayeahidi kurudisha kila kitu kabla hajaifungua mashine.

Wengine husema, kwa haki kabisa, kwamba kama kasoro ni ya kiwanda basi kiwanda kilipe na hasara ya data. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro ya bidhaa, na Tanzania ina Tume ya Ushindani inayopokea malalamiko ya walaji. Njia hizo zitumike. Hata hivyo, masharti ya waranti ya watengenezaji karibu wote huondoa wazi wajibu juu ya data, na shauri la kuyapinga masharti hayo huchukua muda na gharama. Zaidi ya hayo, tasnifu ya mwanafunzi, hesabu za SACCOS au picha za mzee aliyekwisha fariki hazirudi kwa hukumu, hata hukumu ikija na pesa. Fidia inafaa kudaiwa baada ya hasara. Hapa tunazungumzia kuizuia.

Pingamizi zito zaidi ni la gharama: bando ni ghali, na diski ya nje nayo si bure. Tunaliheshimu, kwa kuwa ushauri usiolingana na mfuko wa mtu haufuatwi. Ila mwenye kompyuta ya GB 256 hana GB 256 za kuokoa. Mfumo endeshi na programu husakinishwa upya; filamu na nyimbo hupatikana tena. Kisichopatikana tena mahali popote ni maandishi yako, hesabu zako, picha zako na barua zako, na maandishi ni mepesi mno: tasnifu pamoja na rasimu zake zote kwa kawaida haifiki GB moja. Maandishi hayo yapande mtandaoni hata kwa bando dogo, na picha ziende kwenye diski ya nje ambayo ndugu wawili wanaweza kuchangia. Kisha fungua faili moja kutoka kwenye nakala hiyo ukitumia kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haijathibitishwa.

Kwa anayenunua kompyuta iliyokwisha tumika, muda ndio wa kuangaliwa kwanza. Mipango hii hufuata namba ya mashine na tarehe ya kuuzwa kwake mara ya kwanza, kwa hiyo mnunuzi wa pili ana haki sawa na wa kwanza, lakini hapewi muda mpya. Mpango wa Apple wa 2013 wa kubadilisha diski za MacBook Air za GB 64 na GB 128 zilizouzwa kati ya Juni 2012 na Juni 2013 nao ulikuwa wa miaka mitatu, na ule wa 2018 vilevile. Yote miwili imekwisha. Mashine iliyozunguka Ulaya au Dubai kwa miaka kadhaa kabla ya kufika Kariakoo inaweza kuwa na kasoro inayojulikana na isiwe na haki iliyobaki. Apple huweka pia sharti katika mipango yake mingi kwamba inaweza kuihudumia mashine katika nchi iliponunuliwa tu. Basi ingiza namba kwenye ukurasa wa mtengenezaji ukiwa bado dukani, pesa ikiwa bado mfukoni, na ukisha kununua, tafuta kama diski hiyo ina famwea mpya. Nakili kwanza, sasisha baadaye.

Dalili zikija, zinakuja hivi: kompyuta inaganda wakati wa kuhifadhi, faili zinafunguka lakini hazikubali kuhifadhiwa, diski inapotea kwenye orodha na kurudi, au Mac inaonyesha folda yenye alama ya kuuliza inayowakawaka. Usiizime na kuiwasha ukijaribu bahati. Ikiwa bado inasomeka, nakili kwanza folda ndogo yenye thamani kubwa, si ile kubwa. Windows ikikuuliza kama unataka kufomati diski, kataa. Kama umewasha BitLocker, yaani usimbaji wa diski wa Windows, tafuta ufunguo wake wa tarakimu 48 kabla ya kumkabidhi mtu mashine, kwa sababu ubao mkuu ukibadilishwa kompyuta itauomba, na wakala hanao.

Kuhusu siri, hofu ya watu ni ya kweli. Katika waranti ya kawaida diski ya zamani hubaki kwa kampuni. Mtu binafsi ajilinde kwa kuwasha usimbaji tangu siku ya kwanza, maana diski iliyokufa haiwezi tena kufutwa. Zahanati, shule na vyama vya akiba, ambavyo vimebeba taarifa za watu wengine, viulize wakati wa kununua: Dell, HP na Lenovo huuza mkataba wa ziada unaomruhusu mteja kubaki na diski mbovu. Ukifika kwa wakala, fomu ya kupokelea iandike namba ya mashine, tatizo ulivyolieleza na tarehe. Wakati wa kuchukua, iandike kifaa kilichobadilishwa na waranti ya kifaa hicho kipya. Rudisha mafaili yako kutoka kwenye nakala, yafungue, na nakala yenyewe usiifute.