Kumbukumbu Inapohama: Namna ya Kuijaribu realloc

Lugha ya C, aliyoibuni Dennis Ritchie katika maabara ya Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, haina wa kukusafishia kumbukumbu ya kompyuta. Ukitaka nafasi, unaomba. Ukimaliza, unairudisha mwenyewe.

Tuanze na baiti 40, zinazotosha namba nzima 10 katika kompyuta nyingi za leo. malloc inakukatia kipande na kukupa anwani yake, tuiite p. Namba ya 11 ikifika, unaiomba realloc baiti 80. Ni kama mwenye nyumba anayetaka kuongeza vyumba: kiwanja cha pembeni kikiwa kitupu, anajenga palepale, kikiwa na mtu, anahama na vyombo vyake vyote, na anwani inabadilika. Au nafasi inakosekana kabisa. Hapo realloc inarudisha NULL, yaani hakuna anwani, na kipande cha zamani kinabaki kama kilivyokuwa, data zake salama.

Sasa tazama mstari huu, ambao wengi huuandika bila kufikiri mara mbili:

p = realloc(p, 80);

Nafasi ikikosekana, p inakuwa NULL. Zile baiti 40 bado zipo, ila anwani yake imefutika. Huwezi kuzisoma wala kuzirudisha. Pokea jibu kwa jina jingine, lihakiki, ndipo ulitie kwenye p.

Kazi hasa iko kwenye kujaribu. Programu yenye kosa hili yaweza kwenda miaka bila kukwama, maana maombi madogo hukataliwa kwa nadra, na Linux kwa kawaida huahidi kumbukumbu nyingi kuliko iliyonayo. Jaribio linalongoja bahati mbaya ijilete yenyewe ni kazi bure. Andika realloc yako ya majaribio inayohesabu maombi: ikatae la kwanza, endesha upya ikatae la pili, kisha la tatu, mpaka programu ifike mwisho bila kukataliwa. Kila mara kagua kama data za awali ziko salama.

Kosa la pili, la kung'ang'ania anwani ya zamani baada ya kuhama, hujificha vilevile pale kipande kinapopanuka palepale. Zana iitwayo AddressSanitizer hulifichua: realloc yake huhamisha kipande kila mara, na ukigusa kilichoachwa inasimamisha programu na kukuonyesha mahali penye kosa. Tena baiti 40 za nyongeza haziji na sifuri. Usizisome kabla hujaziandika.

Kama unatumia GCC au Clang, ongeza -fsanitize=address unapokompaili ili kuiwasha AddressSanitizer, na uanze na programu unayoiamini kuliko zote.