SOMO LA LEO: LABUBU, UADIMU NA MTAJI WAKO

 

Leo tuongelee bidhaa ambayo wengi mmeshaulizwa dukani: Labubu. Kile kimdoli cha manyoya chenye masikio marefu na meno ya kucheka, kinachoning'inizwa kwenye begi au kwenye funguo. Hapa Sumbawanga kimeshafika, kwa wanafunzi wa vyuo, kwa mabinti wa saluni, mpaka kwenye pikipiki za bodaboda.

Swali ninaloulizwa na wenye maduka madogo ni hili: "Nina laki mbili, niweke mzigo wa Labubu?" Kabla ya kujibu, inabidi tuelewe ni kitu gani hasa kinauzwa. Ukielewa hapo, hutadanganywa Kariakoo na wewe hutamdanganya mteja. Somo ni refu kidogo, vuta kiti.

1. THAMANI INATOKA WAPI?

Labubu imechorwa na msanii anaitwa Kasing Lung. Alizaliwa Hong Kong, akakulia Uholanzi, na huko alisoma sana hadithi za mazimwi na viumbe wa msituni za Ulaya ya kaskazini. Mwaka 2015 akatoa vitabu vya picha vya viumbe wake, Labubu akiwa mmoja wao. Mwaka 2019 akaanza kufanya kazi na kampuni ya China inayoitwa Pop Mart. Aprili 2024 Lisa, mwimbaji wa kundi la Blackpink la Korea, alionekana na Labubu kwenye begi. Baada ya hapo dunia nzima ikaitaka.

Lakini biashara yenyewe ni ya zamani kuliko Labubu. Tangu miaka ya 1990 mwishoni, wasanii wa Hong Kong na Japani walikuwa wanatengeneza midoli ya plastiki laini iitwayo vinili, kwa ajili ya watu wazima wanaokusanya. Hawatengenezi mingi. Wanasema mapema: hii tunatoa 500, basi. Mtu anainunua kama anavyonunua mchoro wa ukutani.

Kwa hiyo mkusanyaji hanunui manyoya wala plastiki. Ananunua vitu viwili:

- IDADI inayojulikana (zipo ngapi duniani).
- JINA linalothibitika (nani kaitengeneza, na ushahidi upo).

Juni 2025 kulikuwa na mnada Beijing. Labubu moja yenye urefu wa sentimita 131 iliuzwa Yuan milioni 1.08, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 350 za kwetu. Watu walishangaa. Ila angalia: ilikuwa moja tu ya aina yake, na jina la aliyeitengeneza halina ubishi. Idadi na jina. Ondoa kimojawapo, unabaki na mdoli.

Shika hilo, maana somo lote linasimama hapo.

2. BOKSI LA SIRI

Labubu nyingi zinauzwa kwenye boksi lililofungwa. Huoni rangi iliyo ndani mpaka ununue na kufungua. Kwenye matoleo ya kuning'iniza, boksi kubwa lina sita za kawaida. Halafu ipo moja ya siri, ambayo kampuni inasema uwezekano wa kuipata ni 1 kati ya 72. Yaani kama maboksi makubwa 12 hivi ndiyo utegemee moja, na bado hakuna anayekuahidi.

Ndiyo maana mtu anarudi dukani mara nne, mara tano. Mnunuzi anacheza bahati nasibu, na anayefaidika kila mara ni mwenye boksi. Hii ni akili ya biashara, lakini ujue kwamba imejengwa juu ya uaminifu: mteja anaamini kwamba ya siri ipo kweli. Ukichukua mzigo ambao huna uhakika kama ndani kuna ya siri, halafu ukauza kwa maneno hayo hayo, unauza bahati ambayo haipo.

3. IDADI IKIBADILIKA, BEI INAANGUKA

Hapa ndipo wengi wanapoungua.

Toleo moja la mwaka 2025 liliuzwa China kwa Yuan 99 kwa moja. Walanguzi wakalinunua lote, boksi la sita ambalo dukani ni Yuan 594 wakaliuza zaidi ya Yuan 1,200. Juni 2025 kampuni ikaingiza mzigo mpya mwingi. Ndani ya siku chache boksi lile lile likashuka mpaka Yuan 700 hivi. Mdoli ni ule ule, haujachanika wala haujafifia. Kilichobadilika ni idadi.

Na aliyeongeza idadi ni kampuni. Mlanguzi hakuulizwa. Mwenye funguo za uadimu ni mtengenezaji, wewe uliyeweka stoo umepanga tu kwenye nyumba yake.

Marekani walishapita njia hii miaka ya 1990. Kulikuwa na vidoli vya kitambaa vinaitwa Beanie Babies, vya kampuni ya Ty. Kampuni ilikuwa inatangaza kwamba mdoli fulani hautatengenezwa tena, bei inapanda. Watu wakavinunua kwa mamia, wakavifunga kwenye plastiki na lebo zake, wakiamini vitasomesha watoto. Ilipofika karibu mwaka 2000 homa ikaisha. Kila mtu alikuwa anauza, mnunuzi hakuna. Leo vingi haviuziki hata kwa bei iliyonunuliwa.

Kwa hiyo mtu akikwambia "weka Labubu ndani, mwakani zitakuwa dili", muulize: mwakani zitakuwepo ngapi? Hana jibu.

4. KOPI NI BIDHAA NYINGINE KABISA

Sasa turudi kwetu. Ya orijino, dukani kwao China, mwaka 2025 ilikuwa Yuan 99. Kwa hesabu ya haraka ni kama shilingi 35,000, kabla ya usafiri na ushuru. Kwa hiyo ukiambiwa Kariakoo "orijino hii, chukua jumla kwa elfu sita", huhitaji hata kuishika. Hesabu imeshakujibu.

Kopi zimekuwa nyingi mpaka zimepewa jina lao: Lafufu. Baadhi ya dalili za kuangalia:

- Labubu orijino ina meno 9. Kopi nyingi zina zaidi au pungufu.
- Boksi la orijino lina stika ya kukwangua yenye namba ya kuhakiki. Angalia tovuti inayofunguka ni ya Pop Mart wenyewe, kwa sababu kopi nazo zinaweka stika inayokupeleka kwenye tovuti ya uongo.
- Rangi ya uso iliyopakwa nje ya mstari, kichwa kilichopinda, mshono wa ovyo.

Lakini kopi zinaboreshwa kila siku. Leo meno 10, kesho watayahesabu vizuri. Dalili isiyodanganya ni bei na mtu uliyenunua kwake.

Na sheria je? Tuelewane hapa. Kuuza bidhaa yenye alama ya mtu mwingine bila ruhusa ni kosa. Tunayo Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na FCC wanakamata mzigo bandia na kuuteketeza. Ukimwambia mteja "dada, hii ni kopi", umekuwa mkweli kwake, ni vizuri, ila mbele ya sheria mzigo bado ni bandia. Mtaji wa laki mbili ukienda motoni hakuna wa kukurudishia.

Usalama pia. Agosti 2025 mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitoa onyo kwamba Labubu bandia zinachomoka vipande ambavyo mtoto mdogo anaweza kuvimeza na kukabwa. Hata ya orijino imeandikwa ni ya umri wa miaka 15 na kuendelea. Mama akija na mtoto wa miaka miwili anataka ya kuchezea, mwambie ukweli, mpe mpira.

5. HESABU YA MSIMU WETU

Tuseme umeamua kuchukua midoli ya manyoya ya kawaida, isiyo na jina la mtu. Umechukua 30 kwa elfu 6, ni 180,000. Usafiri mpaka ipite Mbeya, Tunduma, Laela, ifike hapa, weka 15,000. Jumla 195,000. Unauza elfu 10.

Ukiuza 20 umepata 200,000. Hapo ndiyo kwanza mtaji umerudi, mfukoni una 5,000. Faida iliyobaki, 100,000, imekaa kwenye ile 10 ya mwisho. Fasheni ikipita wakati umeuza 20, umefanya kazi ya miezi miwili kwa buku tano.

Kwa hiyo kanuni ya bidhaa ya fasheni: hesabu faida kwenye zile za mwisho, na usiongeze mzigo mpya mpaka zile za kurudisha mtaji zimetoka.

Halafu angalia kalenda ya Ufipa. Hela ya huku inatembea baada ya mavuno, kuanzia Juni, Julai, watu wakiuza mahindi na maharage. NFRA wakianza kununua unaona mji unachangamka. Mvua zikianza Novemba hela inaenda kwenye mbegu na mbolea, Januari inaenda shule. Mdoli uliobaki Desemba utakaa nao mpaka mavuno mengine, na kufika hapo watoto watakuwa wanataka kitu kingine.

6. HATA KWETU UADIMU UPO

Msidhani jambo hili ni la Wachina na Wajapani tu. Tanzania tulikuwa na George Lilanga, Mmakonde, aliyefariki mwaka 2005. Alifanya kazi Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam. Alichonga na kuchora mashetani: viumbe wenye masikio makubwa, midomo mipana, rangi kali, wanacheka na kucheza. Ukiwaweka karibu na Labubu utadhani ni binamu. Kazi zake zilionyeshwa Marekani tangu miaka ya 1970 na leo zipo kwa wakusanyaji wakubwa Ulaya.

Kwa nini kinyago cha Lilanga kina bei na kinachofanana nacho kando ya barabara hakina? Mti ni mti. Jibu ni lile lile: jina linathibitika, na idadi haiongezeki tena.

7. SASA UFANYE NINI?

Njia tatu ninazoziona kwa mwenye duka dogo:

KWANZA, mteja anayetaka orijino, muagizie kwa oda. Alipe angalau bei ya kununulia kabla hujaagiza. Risiti na picha ya boksi likiwa limefungwa mtumie. Usiweke stoo. Hasara ya bei kushuka isiwe yako.

PILI, uza midoli isiyo na alama ya mtu, kwa bei ya mdoli. Usiiite adimu. Ikae kaunta pamoja na vibanio na mikufu, izunguke.

TATU, na hii ndiyo naipenda zaidi, tengeneza toleo lako. Ongea na fundi cherehani akushonee midoli 20 ya kitenge, sura yenu wenyewe, siyo ya kuiga. Kila mmoja ushonewe namba: 1 kati ya 20, 2 kati ya 20, mpaka mwisho. Andika kwenye daftari nani kanunua namba ipi. Zikiisha, zimeisha. Ukishona wa 21 kwa sababu umeona wateja wapo, umewaibia wale 20, na toleo linalofuata hakuna atakayekuamini. Ukikaa kwenye neno lako, toleo la pili watu wataulizia kabla halijatoka.

Jambo la mwisho. Wapo wazazi watakaokwambia Labubu ina pepo. Ni maneno yaliyozunguka mtandaoni mwaka 2025, wakiifananisha na sanamu la kale la Mesopotamia. Msanii mwenyewe aliitoa kwenye hadithi za watoto. Lakini wewe usibishane na mteja kaunta. Sisi watu wa Sumbawanga tunajua kusingiziwa mambo ya uchawi nchi nzima, na tunajua kubisha hakusaidii. Mwambie "sawa mama, karibu uangalie vingine", uuze daftari.

KAZI YA NYUMBANI: chukua bidhaa moja dukani kwako unayoiita "adimu". Andika pembeni: zipo ngapi, na nani anathibitisha? Ukikosa majibu, badilisha bei yake leo, kabla mteja hajajua.

Mwenye swali aulize, nitajibu jioni nikishafunga duka. Biashara njema.