Mwasisi ni Nani?

Mtahiniwa, neno mwasisi utakutana nalo katika Kiswahili, Historia na Uraia. Mwasisi ni mtu aliyeweka msingi wa jambo: wazo, chama, shule au taifa. Limetokana na kitenzi asisi, chenye asili ya Kiarabu. Wingi wake ni waasisi, kwa a mbili. Anayeandika "wasisi" anapoteza alama ya bure.

Neno hili limo katika ngeli ya A-WA. Kiambishi chake cha awali hakionyeshi jinsia, umri wala elimu. Hata hivyo, nikiwaambia wanafunzi hapa Handeni watunge sentensi, karibu kila daftari linaleta mwanamume, mzee, tena mwanasiasa. Sarufi haikuwatuma hivyo.

Chukua mfano wa jirani. Ukitoka Korogwe ukafika Mombo, panda kwenda Lushoto hadi Magamba. Mwaka 1963, katika sekondari ya huko, Erasto Mpemba wa kidato cha tatu aliona maziwa yaliyowekwa kwenye jokofu yakiwa ya moto yakiganda kabla ya yale yaliyopozwa. Aliuliza sababu, akachekwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, alimuuliza tena mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne. Huyu hakucheka, alipima. Mwaka 1969 makala yao ilichapishwa, na leo jambo hilo huitwa athari ya Mpemba.

Je, Mpemba ni mgunduzi? Hapo kuwa mwangalifu, kwani Aristotle alikwisha kuligusia jambo hilo karne nyingi kabla. Lakini mjadala wa kisayansi wa sasa ulianzia kwenye swali la mwanafunzi huyo. Ukiandika "mwasisi wa mjadala huo", mimi nakupa alama zote.

Ndiyo maana daima uliza: mwasisi wa nini? TANU iliundwa tarehe 7 Julai 1954. Bibi Titi Mohamed alianza kuongoza sehemu ya wanawake ya chama hicho mwaka 1955. Ni sahihi kumwita mmoja wa waasisi wa harakati za wanawake ndani ya TANU, na huna haja ya kuongeza "wa kike".

Zoezi
1. Tenganisha viambishi na mzizi: mvumbuzi, mgunduzi, mbunifu.
2. Tunga sentensi mbili kuhusu mwasisi wa jambo lolote kijijini kwenu. Mmoja awe na umri usiozidi miaka 20.